Somo: Kuitunza kompyuta ya zamani kwa ajili ya gemu za zamani baada ya kununua mpya

Ninaandika somo hili kwa sababu tangu Windows 10 ilipoacha kupewa masasisho yake ya kawaida ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamenunua kompyuta mpya, na karibu kila wiki mmoja wao hunifuata na swali lilelile: mashine mpya ina nguvu mara kumi, mbona gemu yangu ya zamani haifunguki, na je, ile ya zamani niiuze? Nimejibu kwa simu, kibarazani na mara moja nje ya msikiti, na sasa nitajibu kwa maandishi. Mimi si fundi wa kusomea. Nina kompyuta moja ya mezani ya mtumba, Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 na Windows XP, ambayo ninaitunza hapa Nkuhungu, Dodoma, na makosa niliyoifanyia ndiyo elimu yangu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unaihitaji. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kwa hiyo gemu nyingi za katikati ya miaka ya 1990 hugoma, na zipo za baadaye ambazo zenyewe ni za biti 32 lakini programu ya kuzisakinishia ni ya biti 16, nazo hugoma mlangoni. Kundi la pili ni gemu za CD zilizolindwa kwa SafeDisc, ulinzi ambao Microsoft iliacha kuukubali katika Windows 10, hivyo CD yako halali itakataliwa kana kwamba umeiiba. Kundi la tatu hufunguka, ila sauti yake imepwaya, kwa sababu tangu Windows Vista kadi ya sauti haikuachiwa tena kuchakata DirectSound (njia ya Windows ya kutolea sauti za gemu) kama ilivyokuwa katika XP. Ikiwa gemu yako ni ya DOS, weka DOSBox (programu inayoiigiza kompyuta ya DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows) kwenye kompyuta mpya, uiuze ya zamani, na usisome zaidi.

Hatua ya 2: Hamisha nyaraka na picha zako zote kwenda kwenye kompyuta mpya.

Hatua ya 3: Chomoa kebo ya mtandao na usiirudishe, kwa maana masasisho ya kawaida ya usalama ya XP yalikoma tarehe 8 Aprili 2014.

Hatua ya 4: Nakili diski nzima, pamoja na mfumo wake, kwa Clonezilla (programu ya kunakili diski) kwenda kwenye diski ya nje, na uweke pembeni draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa, za kadi ya picha, za sauti na za madabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa kuwa kuzitafuta upya ni kazi ya wiki nzima.

Hatua ya 5: Toa vumbi. Wanaoishi pwani huisoma hatua hii harakaharaka, lakini sisi wa Dodoma tunaujua upepo wa kiangazi unavyoingiza udongo mwekundu hata katika kabati lililofungwa. Nilipofungua boksi (lile ambalo wengi huliita CPU, ingawa CPU ni kidude kidogo kilichomo ndani), mapezi ya kupoozea yalikuwa yameshikana kama sufi. Tumia brashi laini ya kupakia rangi na bloa ndogo, ushike pangaboi kwa kidole lisizunguke, na kabla ya kugusa chochote uguse chuma cha boksi, kwa kuwa hewa yetu kavu huujaza mwili umeme tuli. Tazama pia kapasita, vile vijikopo vilivyosimama kwenye madabodi: iliyovimba kichwani haina siku nyingi.

Hatua ya 6: Betri ya BIOS, yaani programu ndogo ya madabodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoteketeza kumbukumbu za gemu za miaka tisa kwa mikono yangu mwenyewe. Baada ya kununua kompyuta mpya niliichomoa ile ya zamani, nikaifunika kanga na kuisukumia chini ya kitanda, ikakaa huko miezi kumi na mmoja. Siku nilipoiwasha ilinieleza kwamba tarehe ni 1 Januari 2007 na kunitaka nibonyeze F1 ili kuendelea, nami nikabonyeza bila kufikiri. Nembo ya XP ikatokea kwa sekunde chache, kisha ikaja skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, kompyuta ikajizima na kujiwasha, na skrini ileile ikarudi. Fundi niliyempigia simu alisema diski imekufa. Nilimwamini kabla hajamaliza sentensi, nikatia DVD ya Windows 7 na kufomati, na diski ikafomatiwa bila kusita hata kidogo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu diski iliyokufa haikubali mambo kirahisi namna ile. Wiki tatu baadaye nilitaka kuirudisha XP, nayo CD yake ikadai kwamba haioni diski yoyote, ndipo nilipoingia BIOS na kuelewa kilichotokea.

Diski ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichokufa ni betri ya kitufe iliyo kwenye madabodi, CR2032 ya volti 3, ambayo hutunza saa na mipangilio ya BIOS wakati kompyuta haina umeme. Ilipokufa, BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na katika madabodi yangu mipangilio hiyo huiweka SATA (njia inayounganisha diski na madabodi) katika hali ya AHCI, ilhali XP yangu ilisakinishwa katika hali ya zamani zaidi, IDE. XP haina draiva ya AHCI mpaka uipatie, kwa hiyo ilianza kuwaka, ikafika mahali pa kuisoma diski kwa draiva yake yenyewe, ikajikuta haiijui njia ya kuifikia. Windows 7 inayo draiva hiyo, ndiyo maana ilifomati kwa raha. Kubadilisha neno moja katika BIOS kungetosha.

Basi: weka betri mpya kabla ya kuihifadhi kompyuta, si baada ya kuitoa stoo. Kabla ya kuitoa betri ya zamani, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Andika kwenye karatasi hali ya SATA uliyoitumia kusakinisha, na karatasi hiyo uibandike ndani ya mfuniko wa boksi, kwa kuwa simu hupotea na boksi halipotei. Ukikutana na 0x0000007B, tazama kwanza tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka, shuku betri, rekebisha hali ya SATA, na usifomati chochote. Wala usiihamishie XP kwenye AHCI eti kwa sababu mtu amekuambia ina kasi zaidi, maana utaipata skrini hiyohiyo kwa hiari yako.

Hatua ya 7: Umeme. Tumia UPS. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma yenye 115 na 230. Kwa umeme wetu ni 230 pekee, na kwa mashine iliyotoka Marekani itazame swichi hiyo kabla ya kuchomeka, kwa sababu ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu.

Hatua ya 8: Iwashe walau mara moja kwa mwezi, kwa nusu saa, na uondoe kanga kabla ya kuiwasha.

MASWALI

Mwana_Chamwino: Asante kwa somo, mkuu. Yangu inaleta skrini ya buluu yenye 0x0000007B. Je, niifomati?

Mwandishi: Soma hatua ya 6.

Mwana_Chamwino: Nimeiona, ila ni ndefu sana. Nifomati au nisifomati?

Mwandishi: Usifomati. Iwashe, utazame tarehe, kisha usome hatua ya 6.

Mtaalamu_Area_C: Kwa heshima, kaka, kuna haja gani ya kubeba boksi la kilo kumi wakati mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) ndani ya kompyuta mpya inaendesha XP bila shida?

Mwandishi: Ndugu, sikusema kwamba mashine pepe haifai, na kwa gemu za kupanga majeshi zenye picha bapa naitumia mimi mwenyewe. Gemu za 3D za miaka ya 2000 zilitarajia kuzungumza moja kwa moja na kadi ya picha ya wakati wake, na ndani ya mashine pepe mara nyingi hukwama au hupoteza vivuli na ukungu. Kama zako zinakwenda vizuri, hatua ya 1 imekwisha kukuruhusu uuze.

Mwalimu_Kondoa: Shikamoo. Naomba kuelimishwa jambo ambalo limenisumbua. Gemu moja ya magari niliyoicheza nikiwa mwanafunzi, nikiiwasha kwenye laptopu mpya, magari yanakimbia kiasi kwamba mbio zinakwisha kabla sijashika usukani. Nilidhani kompyuta yenye kasi ni heri kwa kila kitu. Kwa nini iwe hivyo?

Mwandishi: Marahaba, mwalimu, na ahsante kwa kuuliza sababu. Waandishi wa programu wa zamani mara nyingi hawakuiuliza saa muda uliopita. Waliandika kwamba kila mzunguko mmoja wa programu gari lisogee hatua moja, wakijua kompyuta ya wakati ule ingezunguka mara ngapi kwa sekunde. IBM PC ya mwaka 1981 ilikwenda kwa MHz 4.77, na zilipokuja za kasi zaidi gemu hizo ziliharibika palepale, hata watengenezaji wakaweka kitufe kilichoitwa Turbo, ambacho kazi yake halisi ilikuwa kuipunguza kasi kompyuta ili programu za zamani zichezeke. Ugonjwa huo haukwisha. Katika GTA San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, kuna mpangilio unaozuia idadi ya picha kwa sekunde. Ukiuzima kwenye mashine yenye nguvu, mhusika hushindwa hata kuogelea sawasawa. Kwa hiyo tafuta kwanza mpangilio wa aina hiyo, na kama gemu ni ya DOS, ndani ya DOSBox punguza mizunguko kwa Ctrl na F11 hadi gari liende kama unavyolikumbuka.

Mwalimu_Kondoa: Nimeelewa kabisa. Nitawapa wanafunzi wangu mfano huu, maana wanaamini kwamba kipya hakikosei.

Kijana_wa_Mpwapwa: Kuhusu vumbi, mimi huipeleka kwa fundi wa pancha, anaipuliza kwa kompresa na inatoka safi kwa dakika moja.

Mwandishi: Na siku moja itatoka na maji. Tangi la kompresa hukusanya unyevu wa hewa iliyobanwa, na usipomwagwa hurushwa pamoja na upepo moja kwa moja kwenye madabodi. Presha yake pia huzungusha pangaboi kupita kiasi na kuua beringi.

Kijana_wa_Mpwapwa: Mbona nimefanya mara tatu na haijafa?

Mwandishi: Nimekueleza sababu, kompyuta ni yako.

Sola_Kongwa: Kwetu umeme ni wa jua. Kompyuta ikiwa kwenye inverta, pawa saplai inavuma kama nyuki, ila kwa umeme wa gridi imetulia. Je, ina hitilafu?

Mwandishi: Yaelekea hitilafu iko kwenye umbo la wimbi la umeme. Inverta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini la sain, na pawa saplai hulalamika kwa mvumo na joto. Ikiwa huna inverta ya sain safi, cheza kwa vipindi vifupi na uiguse pawa saplai kwa nyuma. Ikichoma mkono, zima.

Binti_Makole: Nina nyongeza kuhusu CD, kwa kuwa nyingi za kaka yangu zilikwaruzika. Zifutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kuanzia katikati kuelekea ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika data nyingi mfululizo.

Mwandishi: Sahihi kabisa, dada, na ningepaswa kuyaandika hayo katika hatua ya 4. Zihifadhi pia mbali na dirisha. Skrini ya kioo kinene, kwa wale wanaoitunza, inapendeza sana kwa gemu hizi, lakini ikiharibika msiifungue wenyewe, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.

Mwana_Chamwino: Mkuu, nimerudi. Tarehe ilikuwa ya mwaka 2008. Nimenunua betri mpya, nimerudisha SATA kwenye IDE, na imewaka na kila kitu changu kimo. Sasa naona inataka kujisasisha, niiruhusu?

Mwandishi: Inasasishwa kwa njia gani, na hatua ya 3 inasema nini kuhusu ile kebo?

Mwana_Chamwino: Nimeichomoa.