Kukodi chumba Ng'ambo, mjini Unguja: piga hesabu kabla hujatoa pesa

Dalali akikwambia chumba ni elfu sitini, ametaja kodi tu. Maji, umeme na nauli hajavigusa. Na wenye nyumba wengi wa mjini hutaka ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo kosa la siku moja utakaa nalo muda mrefu.

Anza na maji. Mitaa mingi bomba la ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, hutoka kwa zamu, na zamu nyengine huangukia usiku wa manane. Usimuulize mwenye nyumba. Muulize mama anayefua uani: yanakuja siku gani, yanapanda tangini yenyewe au mpaka pampu, na hiyo pampu imefungwa kwenye mita ya nani? Maji ya kisima yaonje, kisha nawa kwa sabuni. Yakiwa na chumvi povu halishiki, na ya kunywa utanunua. Tuseme dumu la lita 20 ni shilingi 200 na familia yako inatumia sita kwa siku: hiyo ni 36,000 kwa mwezi. Chumba cha rahisi kisicho na maji kimeshakuwa ghali.

Nauli nayo ihesabu hivyo hivyo. Ukihamia Fuoni, pembezoni mwa mji, kuokoa elfu kumi za kodi, na kila safari ikakuzidi shilingi 300, kwenda na kurudi kwa siku 26 ni 15,600.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, ndizo mkaguzi mzuri kuliko dalali. Ukija kiangazi, tafuta alama zake: mstari wa tope ukutani, plasta iliyobabuka kwa chini tu, kizingiti kilichoongezwa matofali, vitanda vilivyoinuliwa kwa mawe. Maeneo ya bondeni, kama upande wa Sebleni na Mwanakwerekwe, yaangalie mara mbili. Usisahau karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Maji ya ardhini yakipanda, karo lililo karibu kujaa hufurikia uani, na hapo ndipo ugomvi wa nani alipie gari la kunyonya huanza.

Umeme wa Tukuza, yaani wa kununua uniti kabla ya kutumia, mara nyingi ni mita moja kwa nyumba nzima. Kugawa sawa kwa kila chumba ni dhulma kwa mwenye taa na feni. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi inakula uniti 0.6, pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni 0.5, lakini friji kuukuu huweza kufika uniti moja hadi mbili kwa siku. Dai mita ndogo ya chumba, au mkubaliane kwa vyombo.

Sasa tarehe. Anayefanya kazi hotelini anajua Aprili na Mei wageni hupungua na wengine husimamishwa. Ukilipa miezi sita mwanzo wa Novemba, kodi inayofuata inakukuta mwanzo wa Mei, mfuko mtupu. Bora ulipe mitatu kwanza, au minane, ili zamu isiangukie hapo.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha anayepokea ana haki ya kukodisha. Nyumba nyingi za zamani ni za mirathi isiyogawiwa: kaka anachukua kodi, mwezi wa pili dada anakuja na wakili. Jirani mzee atakwambia, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, pia. Kwa sheha utakwenda tu, kwani mkaazi mpya huripoti. Chukua barua kwa sheha wa unakotoka, na kitambulisho.

Karatasi ziwe mbili, na mashahidi wawili. Ziandikwe kiasi, miezi na tarehe ya mwisho, nani hutengeneza bati likivuja, karo hulipiwa vipi, na taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Pesa mpe mwenye nyumba, si dalali. Ujira wa dalali, aghalabu kodi ya mwezi mmoja, uwe mbali. Siku ya kuingia piga picha ya mita, uniti zikisomeka.