Mpe mtu sentensi leo, mwombe akurudishie kesho

Kabla hujalipia bango au kuchapisha vipeperushi vya biashara changa, mwambie mtu asiyeijua kazi yako, tena mara moja tu, sentensi moja inayoeleza unachouza. Kesho yake mwombe akueleze yeye, nawe uandike maneno yake kama yalivyotoka. Neno alilolisahau lifute, na alilolibadilisha lichukue. Sisi tulikuwa na "suluhisho jumuishi la usimamizi wa mikopo ya wateja", na mwenye duka jirani akaturudishia "lile daftari la madeni la kwenye simu", maneno ambayo ndiyo tunayoyatumia mpaka leo. Njia hii hufaa kwa sababu mteja wa kwanza ndiye humpelekea habari wa pili, na hawezi kufikisha asichokikumbuka: M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007 haikunadiwa kwa ufundi wa mitambo yake, bali kwa mwito wa kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo kila aliyeacha wazazi kijijini alilielewa papo hapo. Usimtumie ndugu wala rafiki wa karibu, maana atataka kukuridhisha. Jaribio hili halifai pia ikiwa wanunuzi wako ni wataalamu, kwa mfano wahasibu au wakuu wa maabara, ambao huhitaji istilahi kamili. Na msikilizaji akikumbuka mzaha wako lakini si bidhaa yenyewe, andika upya sentensi nzima.