Faili lililo ndani ya /etc ni la msimamizi, si la skripti yako

Nikipewa kifurushi cha Debian (mfumo wa Linux) nikikague, kitu cha kwanza kufungua ni debian/postinst, skripti inayoendeshwa baada ya kusakinisha, nikiwinda amri za sed, echo au cp zinazogusa /etc, kabrasha la mafaili ya usanidi. Nikizikuta, nakirudisha kifurushi kwa mwenyewe kabla sijasoma zaidi. Sera ya Debian haina utata hapa: alichokirekebisha msimamizi kibaki wakati wa kusasisha, na mafaili ya usanidi yafutwe kwa purge tu (kuondoa kifurushi pamoja na usanidi wake), si kwa remove (kuondoa programu tu).

Kazi nyingi dpkg, kisakinishi cha vifurushi vya Debian, inaimaliza yenyewe, mradi usiiingilie. Faili ambalo kifurushi chako kinaliweka ndani ya /etc, debhelper (zana za kutengenezea vifurushi) hulisajili kuwa conffile, yaani faili la usanidi linalosimamiwa na dpkg. Wakati wa kusasisha, dpkg hulinganisha hesabu za MD5 za faili la toleo la zamani, la toleo jipya na lililopo kwenye diski. Msimamizi hakuligusa? Linabadilishwa kimyakimya. Kaligusa, nawe hukulibadilisha? Linabaki lake. Mmebadilisha wote wawili, ndipo anaulizwa. Hata akilifuta, dpkg hailirudishi; kufuta nako ni uamuzi wake.

Sasa postinst ikiandika jina la mashine humo kwa sed, dpkg itaamini msimamizi ndiye aliyeandika. Toleo lijalo likibadilisha faili hilo, ataulizwa juu ya mabadiliko asiyoyajua. Kwenye seva zinazojisasisha zenyewe kwa unattended-upgrades ni balaa zaidi: kifurushi kinachotaka kuuliza swali hili kwa kawaida hurukwa, na kiraka cha usalama hakiingii.

Basi faili likilazimika kutengenezwa na skripti, lisiwe conffile. Litoe kwenye kifurushi, weka kiolezo ndani ya /usr/share, kisha mwachie ucf, zana inayolinda mabadiliko ya msimamizi kwenye mafaili yasiyo conffile. Kifurushi tukiite mizani. Kwenye postinst, chini ya configure:

ucf /usr/share/mizani/mizani.conf /etc/mizani.conf
ucfr mizani /etc/mizani.conf

Kwenye postrm, skripti inayoendeshwa baada ya kuondoa, chini ya purge:

rm -f /etc/mizani.conf
if command -v ucf >/dev/null; then
  ucf --purge /etc/mizani.conf
  ucfr --purge mizani /etc/mizani.conf
fi

Hiyo if si pambo: wakati wa purge, ucf yenyewe huenda imeshaondolewa. Ongeza pia ucf kwenye Depends, orodha ya vifurushi ambavyo chako kinavihitaji.

Conffile usiyoihitaji tena usiifute kwa rm. Andika mstari mmoja ndani ya debian/mizani.maintscript:

rm_conffile /etc/mizani/zamani.conf 2.1-1~

Msimamizi akiwa amelihariri, nakala yake itabaki na kiambishi .dpkg-bak. Namba hiyo ni ya toleo lililoacha faili, na ile ~ ya mwisho iwepo, la sivyo matoleo ya backports kama 2.1-1~bpo12+1 (yaliyojengwa upya kwa Debian ya zamani) yatakuvuruga.

Jaribu ndani ya kontena, kamwe si kwenye mashine yako. Sakinisha toleo la zamani, ongeza mstari kwenye faili, sasisha, kisha usome kama mstari upo. Rudia bila kugusa chochote: ukiulizwa swali lolote, skripti inaandika mahali isipopaswa. Mwisho apt purge, kisha ls /etc.