Namna ya Kuokota, Kusoma na Kutunza Vikaratasi vya Watu Usiowajua

Nilinunua koti la mtumba katika soko la Karume, Dar es Salaam, na nilipoligeuza ili nilifue nikasikia kitu kikichakarika kati ya kitambaa na bitana. Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka, na kupitia tundu hilo kilikuwa kimeteleza kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa kwa penseli, kwa Kijerumani: maziwa, mkate, betri, na mwisho kabisa maua, neno lililopigiwa mistari miwili. Maziwa na mkate ni vya kila siku, lakini maua hayo yalikuwa ya mtu fulani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimwaza mtu huyo nisiyemjua wala kujua kama yalimfikia.

Mvuto wa vitu vya namna hii unatokana na kwamba aliyeviandika hakuwa akituandikia sisi. Barua rasmi hupambwa, picha za harusi hupangwa, na hata shajara mara nyingine huandikwa kwa kumwogopa atakayeifungua. Bali orodha ya sokoni, ujumbe uliobandikwa mlangoni au hesabu ya madeni nyuma ya pakiti ya sigara humwonyesha mtu akiwa katikati ya shughuli zake. Mmarekani Davy Rothbart alilitambua hilo alipokuta kwenye kioo cha gari lake, mjini Chicago, ujumbe uliokusudiwa mtu mwingine, ambamo mwanamke anamtukana mpenzi wake kwa hasira kuu kisha anamwomba awasiliane naye baadaye. Mwaka 2001 akaanzisha jarida la Found, lililochapisha vitu vilivyookotwa na wasomaji wake. Kwa anayetaka kuanza, vifaa ni bahasha, penseli na daftari, lakini kazi ya kwanza haihitaji hata kimoja kati ya hivyo, nayo ni kutenganisha kilichotupwa na kilichopotea.

Kilichotupwa kwa kawaida kimefinyangwa, kimechanwa au kimelala pamoja na taka nyingine. Kilichopotea huwa kimekunjwa kwa uangalifu, kimo ndani ya kifuko cha nailoni, au kina thamani ambayo mwenyewe hawezi kuiachia kwa hiari. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho, hati ya kiwanja na picha ya zamani ya marehemu ni vya kurudishwa, na havifai kuingia katika mkusanyiko wa mtu yeyote hata vikiwa vinavutia namna gani. Fiqhi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameizoea tangu zamani, ina mlango mzima wa luqata, yaani kitu cha kuokota: mwokotaji wa kitu chenye thamani hutakiwa azitambue alama zake na akitangaze kwa muda wa mwaka mmoja, ili anayekidai apimwe kwa alama hizo. Utaratibu huo unafaa hadi leo, na kwa mtu wa dini yoyote. Tangaza kwamba umeokota pochi karibu na kituo cha daladala, lakini usitaje rangi yake wala kilichomo. Anayedai ndiye aeleze. Anza kwa mwenye duka au mama lishe wa jirani, maana aliyepoteza kitu hurudi kulekule na kuuliza kwa watu hao, kisha peleka taarifa katika ofisi ya serikali ya mtaa au kituo cha polisi. Usikipige picha kitambulisho na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama nia yako ni njema, kwa sababu nchini Tanzania namba ya kitambulisho cha taifa ndiyo inayotumika kusajili laini za simu, na ukiitangaza umempa tapeli pa kuanzia.

Ikiwa kitu ni cha kutupwa kweli, kitazame kabla hujakiinua. Mjini Novgorod, Urusi, tangu Julai 1951 wanaakiolojia wamefukua zaidi ya barua 1,000 zilizokwaruzwa kwenye magome ya mti uitwao betula, na miongoni mwake yamo mazoezi ya mtoto wa karne ya 13, Onfim, ambaye alianza kuandika alfabeti, akaiacha njiani, akajichora akiwa juu ya farasi. Wataalamu waliweza kukadiria umri wa magome hayo kwa kuwa barabara za mji zilitandikwa magogo mapya juu ya yale ya zamani, na wao walikuwa wakiandika kila gome limetoka katika tabaka gani. Mwokotaji wa mtaani naye aandike tabaka lake papo hapo: tarehe, saa, mahali, kitu kililalaje na kilikuwa pamoja na nini. Kijikaratasi chenye maneno "nisubiri" kilichookotwa nje ya lango la shule wiki ya mitihani hakisomeki sawasawa na chenye neno hilohilo kilichookotwa kwenye benchi la hospitali, na usipoandika leo, baada ya mwezi mmoja utakuwa umesahau kipi kilitoka wapi.

Utunzaji unahitaji subira zaidi kuliko fedha. Karatasi iliyolowa usiikunjue ikiwa bado chapachapa, wala usiianike juani au kuipiga pasi. Iweke kati ya tabaka za karatasi laini za msalani zisizo na rangi, uzibadilishe kila zinapolowa, na ikishakaribia kukauka uifungue polepole na kuilaza chini ya kitabu kizito. Epuka selotepu, kwa sababu gundi yake huacha doa la manjano, na epuka kuifunika kwa plastiki ya moto, kwa kuwa hutaweza tena kuitoa. Pini na vibanio vya chuma hushika kutu upesi katika hewa ya pwani. Risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutolea risiti madukani, zinahitaji haraka ya pekee: maandishi yake hutokea kwa joto juu ya karatasi yenye kemikali, hivyo mwanga na joto huyafifisha, na njia ya uhakika ni kuyanakili siku hiyohiyo. Andika maelezo juu ya bahasha kwa penseli kabla hujaingiza karatasi ndani, kisha weka bahasha katika boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa hunasa unyevu na kuotesha ukungu.

Sasa soma, na usome kwanza vile visivyo maneno. Mkunjo uliochakaa hadi kuwa laini kama kitambaa huonyesha kwamba karatasi imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Mkunjo mkali huonyesha kwamba huenda mlengwa hakuwahi kuifungua. Geuza nyuma, maana karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu la mwanafunzi humtambulisha mwandishi kwa namna ambayo maneno yake hayakukusudia. Tazama palipofutwa, kwa kuwa neno lililokatwa ndilo alilolifikiria kwanza. Ukinakili, usisahihishe chochote: aliyeandika "laha" badala ya "raha" ametuachia sauti yake. Pwani, ukikuta maandishi ya herufi za Kiarabu, usidhani moja kwa moja kwamba ni Kiarabu, kwani Waswahili wameandikiana kwa herufi hizo kwa karne nyingi, na barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, India, ni Kiswahili.

Daftari langu nimeligawa hivi: ukurasa wa kushoto ni wa yaliyomo, wa kulia ni wa ninachodhani. Ndani ya kitabu kilichotumika, nilichokinunua kando ya barabara maeneo ya Posta, nilikuta maneno haya: "Shangazi ufunguo uko kwa jirani, chakula nimekifunika, nisamehe." Kushoto niliyaandika kama yalivyo. Kulia nilijaza ukurasa mzima kuhusu kosa lililoombewa msamaha, na niliporudi kusoma niliona kwamba karibu yote yalikuwa yangu mwenyewe. Bila mgawanyo huo ningeanza kuwasimulia watu mambo ambayo mpwa yule hakuyaandika.

Ukitaka kuwaonyesha wengine, ziba majina, namba za simu, anwani na jina la shule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini hata pasipo sheria, mtu hakukupa ruhusa. Ujumbe unaoashiria kwamba mtu anakusudia kujidhuru, au kwamba mtoto anaumizwa, si wa kutunzwa wala kuonyeshwa. Upeleke upesi kwa polisi au kwa ofisa wa ustawi wa jamii, pamoja na maelezo ya mahali na saa ulipouokota.

Na mwenyewe akijitokeza, hata baada ya miaka, mrudishie karatasi yenyewe, mwambie kama una nakala, na umwache aamue kama ibaki au ifutwe. Usimwulize maua yalikuwa ya nani, isipokuwa akianza mwenyewe kusimulia.