Jinsi ya Kufuma Deraya ya Pete za Chuma

Deraya ya pete, yaani vazi la kujikinga vitani walilovaa askari wa Ulaya na Mashariki ya Kati katika Zama za Kati, ilifumwa zaidi kwa mtindo mmoja: kila pete hupita ndani ya pete nyingine nne. Mtindo huo hujifunzwa kwa saa moja, lakini kufunga pete sawasawa huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo wengi wanaoanza huharibu kazi.

Tafuta waya wa chuma laini wenye unene wa milimita 1.6, uuzungushe kwa kubana juu ya nondo laini ya milimita 8 mpaka upate springi. Shikilia ncha ya waya hadi mkazo uishe, kwani ukiiachia ghafla huchapa. Kisha vaa miwani ya kukinga macho na uikate springi pete moja moja.

Unapofungua pete, shika ncha zake kwa koleo mbili, uisogeze moja mbele na nyingine nyuma, wala usizitanue kwa kuziachanisha, maana pete iliyotanuliwa hairudi tena kuwa duara. Unapoifunga, pitisha ncha kidogo kupita mahali pake ndipo uzirudishe, mpaka usikie zikikwaruzana. Mwanya mdogo tu hukwaruza nguo na kuiachia pete jirani itoke.

Tia pete nne zilizofungwa ndani ya moja iliyo wazi, uifunge, kisha uzilaze mezani mbili juu na mbili chini. Pete nyingine ishike zile mbili za chini pamoja na mbili mpya, na uendelee hivyo hadi upate mkufu. Mikufu miwili ikilazwa sambamba, huunganishwa kwa pete inayoshika mbili za ukingo wa kila upande. Safu moja ikilalia kulia, inayofuata hulalia kushoto. Ukiona safu mbili jirani zimelala upande mmoja, fumua hapo hapo.

Katika vazi, safu zizunguke mwili kwa mlalo, ili uzito unapovuta chini, wavu ujibane kiunoni na bado utanuke mvaaji anapovuta pumzi.

Pete zilizokutanishwa ncha tu zinafaa kwa maonyesho, si kwa kukinga mapigo. Mafundi wa zamani walilaza ncha moja juu ya nyingine, wakazibapa kwa nyundo, wakazitoboa na kuzikaza kwa ribiti, yaani misumari midogo ya kuunganishia, kazi ninayoiheshimu kila ninapokumbuka kwamba shati moja lilihitaji maelfu ya pete.

Shati refu huweza kufikia kilo 10 au zaidi. Livae juu ya koti nene lililojazwa pamba, kwa kuwa deraya huzuia makali ya upanga lakini haizuii kishindo chake, kisha funga mkanda ili sehemu ya uzito ihamie nyongani. Likishika kutu, liviringishe ndani ya pipa lenye mchanga mkavu, ulikung'ute, na ulipake mafuta kidogo.