Kubadilisha jinsia za wahusika unapoipeleka riwaya ya zamani ya fantasia kwenye runinga

Nimeandika haya baada ya kukaa siku tatu na mdogo wangu kikazi, aliyekabidhiwa riwaya ya fantasia ya miaka ya 1970 na agizo la maneno mawili: "Ongeza wanawake." Kitabu kina wanaume 19 wenye majina. Wanawake ni watatu, na mmoja anakufa ukurasa wa 9.

Hatua ya 1. Soma kitabu chote.

Hatua ya 2. Orodhesha wahusika, na mbele ya kila jina andika uamuzi wake mmoja uliogeuza hadithi. Tumia kalamu na karatasi. Programu za skripti zitakuhesabia nani anasema mistari mingapi, lakini malkia anaweza kusema kutwa nzima na asiamue lolote.

Hatua ya 3. Kabla hujamgusa yeyote, tafuta jinsia imefungwa wapi katika kanuni za ulimwengu wenyewe. Hapa niliwahi kupoteza wiki nzima: nilimfanya mrithi wa kiti kuwa msichana, kumbe vita vyote vya kitabu vilitokana na sheria ya kurithisha wana wa kiume tu. Sini (maonyesho) 14 zikaenda na maji.

Chukua The Wheel of Time ya Robert Jordan, iliyoanza kutoka 1990. Uchawi umegawanywa: nusu inayotumiwa na wanaume imetiwa uchafu, anayeitumia hurukwa na akili, nusu inayotumiwa na wanawake ni safi. Tamthilia ya Prime Video ya 2021 ilimfanya mchawi Moiraine amtafute mteule, mwokozi wa ulimwengu, miongoni mwa vijana wa kijijini, wasichana wakiwemo. Kama fumbo, tamu. Ila mteule akiweza kuwa msichana, ile hofu ya mwokozi atakayeshikwa na wazimu inapoa. Walipopatia ni kwingine: Moiraine mwenyewe, aliyeigizwa na Rosamund Pike, aliwekwa katikati, ilhali kitabu cha kwanza humfuata zaidi Rand, mmoja wa vijana hao. Hakuna aliyebadilishwa jinsia, kamera tu ndiyo iliyohama. Mimi huanza na njia hii kila mara.

Na kama kanuni yenyewe ndiyo yenye dharau, usiifiche. Katika Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968), shule ya wachawi ni ya wavulana, na uchawi wa wanawake una misemo ya kuukejeli. Mwandishi mwenyewe alirudi 1990 na kitabu cha Tehanu, akaifanya dharau hiyo ndiyo hadithi.

Hatua ya 4. Andika muhtasari wa kila sini kwa Kiswahili, hata kama skripti itakuwa ya Kiingereza. "Aliingia, akachomoa upanga, akamwamuru mfalme ashuke." Ni nani? Hiyo "a-" haisemi. Mpe mtu asiyesoma kitabu akisie. Asipoweza, nafasi hiyo iko wazi kwa yeyote. Jihadhari na "akaoa" na "akaolewa", vitakusaliti. Andika "wakafunga ndoa".

Hatua ya 5. Usiongeze mwanamke ili afe. Tamthilia ileile ya The Wheel of Time ilimpa Perrin, kijana mwingine wa kijijini, mke ambaye hana katika kitabu cha kwanza, kisha ikamfanya amuue kwa bahati mbaya katika sehemu ya kwanza. Majonzi ya mwanamume yanaweza kupatikana kwa bei nyingine.

Hatua ya 6. Mazungumzo yaguse mwisho kabisa, la sivyo utayaandika mara mbili.