Kadiria muda wa ndege Mbeya–Dar bila kutazama kilomita za barabara

Kwa mnaomsubiri mgeni Songwe (uwanja wa ndege wa Mbeya) au mnaopanga safari: fungua ramani ya simu, bonyeza Dar kwa muda, chagua kupima umbali, kisha vuta mstari ulionyooka hadi Songwe. Utapata kama kilomita 690. Gawanya kwa 800 (mwendo wa ndege ya jeti kwa saa), unapata saa 0.86, yaani dakika 52 hivi; ongeza nusu saa. Jumla ni saa moja na dakika 20.

Barabara ni zaidi ya kilomita 800 kwa sababu inapitia Mikumi, inapanda Kitonga, inapita Makambako, na ndege haina habari na kona hizo. Ile nusu saa ndiyo watu wengi huisahau: ni ya kutembea uwanjani, kupaa na kushuka, ambako ndege haiendi kasi yake kamili. Ndege ya pangaboi, kama zile za kwenda Iringa, igawie 500.

Hesabu inakataa ndege ikipitia mji mwingine kwanza, au mawingu yakiufunga uwanja. Inadanganya pia ukisoma tiketi ya Lusaka, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja: kwenda huonekana kufupi, kurudi kurefu.

Na jamani, uwanja wa Songwe uko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, njia ya Tunduma yenye malori. Muda huo uhesabuni peke yake.